Ufa Uliozibwa kwa Saruji

Karibu na Dewsbury, katika mji wa matambara
ambako zamani walisaga nguo kuukuu, wakafuma mpya,
maktaba imevaa jukwaa la vyuma tangu Februari
na wavu wa kijani usoni, kama mgonjwa wa macho.

Mimi ni mpiga lipu. Nimeitiwa ukuta wa kaskazini.

Siku ya kwanza Clifford Ackroyd, msimamizi wetu,
aliugonga kwa kifundo cha kidole:
huku, ngo. Huku, ngo. Hapa, bu.
"Umesikia?"
Nimesikia.
Mtu fulani, mwaka sabini na mbili, aliona ufa,
akauziba kwa saruji, akaenda zake kunywa chai.
Nimelelewa kwa methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Huyu aliziba. Na ndiye aliyetuleta hapa.
Kwa kuwa jiwe hili hupumua
na saruji haijui kupumua;
mvua ikaingia, isione mlango wa kutokea,
ikakaa humo miaka hamsini
ikitafuna boriti taratibu, kutoka ndani.
Methali haikusema uzibe kwa kitu gani.

Basi chokaa. Chokaa, mchanga, na manyoya ya mbuzi,
naam, ya mbuzi, yameletwa ndani ya mfuko wa karatasi
yakinuka zizi.
Napaka, nangoja. Napaka, nangoja.
Vijana wa umeme hunipita wakikimbia na nyaya zao,
hunikuta palepale wakirudi.

Kila Alhamisi huja Bi Rukhsana, mkutubi,
kofia ya ujenzi ikimwangukia nyusi.
Vitabu vyake vinaishi kwenye duka la viatu lililofungwa,
riwaya zimepangwa penye namba za miguu.
"Ukuta utakauka lini?"
"Haujaniambia."
Hucheka nusu, huandika kitu, huondoka.

Halafu Jumanne moja, tukibandua rangi ghorofani,
krimu, kijani cha hospitali, kahawia, krimu tena,
zikatokea chini kabisa herufi nyeusi
ndefu kuliko mkono wangu,
neno moja, linaamuru watu wanyamaze.

Clifford akavua kofia. Kisha akafunua mchoro.
Lifti itapita hapohapo.

Wiki mbili watu wa baraza walikuja kupiga picha.
Mmoja alisema ni hazina. Mmoja alisema ni gharama.
Bi Rukhsana hakusema; alimleta Doreen Sugden.

Doreen, miaka themanini na mmoja, aliingia kiwandani
akiwa na kumi na tano, akasimama kati ya vitanda vya kufumia
mpaka masikio yakamfia. Husoma midomo.
Ngazi zimemshinda tangu goti lilipogoma,
kwa hiyo tulimwonyesha neno kwenye simu,
pale chini, mlangoni, kigari chake kikizuia matoroli.
Alilitazama muda mrefu.
"Hicho kimya," akasema, "mimi ninacho nyumbani.
Kateni."

Wakakata. Msumeno ulilia siku nzima,
vumbi likaingia hadi kwenye mkate wangu.
Nusu ya neno imebaki, upande wa kushoto wa lifti,
na kazi yangu ikawa kuushika ukingo wake
kwa chokaa, kwa vidole, bila mwiko,
kama ushonavyo pindo la nguo ya mtu aliyeivaa.

Lifti ilijaribiwa kabla sijamaliza.
Mlango ukafunguka: Doreen, koti la mvua, kigari,
Bi Rukhsana nyuma yake ameziba mdomo.
Alikuja moja kwa moja mpaka ukutani kwangu,
akabandika kiganja chote, kabla sijamkataza,
akaacha alama. Bado ipo; sikuifuta.

"Mbichi!" akapaza, kwa sauti ya kiwandani,
chini ya nusu ya neno lile.
Dari likarudisha. Hakuna aliyemnyamazisha.